Jiografia ya Mirihi, Nchi Isiyo na Bahari

Sote twajua kwamba kilele cha Kilimanjaro kina kimo cha mita 5,895. Lakini ni wachache kati yetu waulizao: mita hizo zahesabiwa kuanzia wapi? Zahesabiwa kuanzia usawa wa bahari. Mji wa Moshi, ulio chini ya mlima huo, tayari uko mamia ya mita juu ya bahari. Kwa hiyo autazamaye mlima kutoka Moshi hana mita 5,895 zote juu ya kichwa chake. Kimo hakina maana mpaka ijulikane kimeanzia wapi.

Basi tuitazame sayari ya Mirihi, jirani yetu. Kipenyo chake ni kilomita 6,780 hivi, karibu nusu ya kipenyo cha dunia. Hata hivyo, kwa kuwa haina bahari, eneo lake lote lakaribia eneo la nchi kavu yote ya dunia. Siku yake ni ya saa 24 na dakika 40 hivi. Mhimili wake umeinama nyuzi 25, nao wa dunia nyuzi 23½, kwa hiyo Mirihi nayo ina majira. Ila mwaka wake ni siku 687 za kwetu, na majira yake ni marefu.

Zamani watu walichora ramani za Mirihi kwa kutazama tu. Mwaka 1877 Giovanni Schiaparelli wa Italia aliona katika darubini mistari mingi, akaiita mifereji. Percival Lowell wa Marekani akashikilia kwamba mifereji hiyo imechimbwa na viumbe wenye akili ili kupeleka maji jangwani. Wengi walisadiki. Mwaka 1965 chombo Mariner 4 kilipita karibu na Mirihi na kupiga picha. Hapakuonekana mfereji wa kuchimbwa hata mmoja, bali mashimo yaliyofanywa na vimondo. Jicho lilikuwa limeunganisha madoa yaliyotengana na kuyafanya mistari.

Hapana budi, basi, kupima. Lakini mahali pasipo bahari, sifuri iwekwe wapi? Kwanza wataalamu walitumia hewa: sifuri ikawa pale ambapo kanieneo ya hewa ni milibari 6.1. Hapa kwetu, kando ya bahari, ni kama milibari 1,013. Hivyo yaonekana jinsi hewa ya Mirihi ilivyo nyembamba. Baadaye chombo Mars Global Surveyor, kilichofika huko mwaka 1997, kiliizunguka sayari kikipiga mionzi ya leza kuelekea chini na kupima muda wa mionzi hiyo kurudi. Sifuri ya sasa ni uso wa kufikiriwa tu, kama ambavyo uso wa bahari tulivu ungekaa kwa nguvu ya uvutano wa Mirihi. Hata longitudo ilihitaji Greenwich yake: kilichaguliwa kishimo kidogo kiitwacho Airy-0.

Baada ya kuwekwa sifuri hizo, nchi ilijidhihirisha. Upande wa kaskazini ni tambarare za chini. Kusini ni nyanda za juu zilizojaa mashimo. Bonde la Hellas lina upana wa kilomita 2,300 hivi. Valles Marineris ina urefu wa zaidi ya kilomita 4,000, na mahali pengine kina chake ni kilomita 7. Asili yake ni kupasuka kwa gamba la sayari, jambo linalotukumbusha Bonde letu la Ufa. Nao mlima wa volkano Olympus Mons wapita kilomita 21. Kilimanjaro tatu zikipangwa moja juu ya nyingine haziufikii. Gamba la Mirihi halisogei kama la dunia, kwa hiyo zaha iliendelea kumwagika mahali pale pale kwa muda mrefu mno.

Mwenye kutaka zoezi na alifanye hili. Olympus Mons una upana wa kilomita 600 hivi, yaani kilomita 300 kutoka ukingoni hadi katikati. Ugawe umbali huo kwa kimo cha kilomita 21. Utaona kwamba, kwa wastani, mpandaji hupanda mita 1 kwa kila mita 14 hivi za mwendo. Mlima mkubwa kuliko yetu yote, na mteremko wake ni wa taratibu!

Wenzangu, Lowell hakukosa bidii wala akili, alikosa kipimo. Nasi tuonapo namba katika ramani, tusiikariri tu kwa ajili ya mtihani. Tuulize imepimwa kwa nini, na kuanzia wapi.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne