Tuhesabu Gharama Kwanza: Kompyuta ya Parokia na Kazi ya Picha

SOMO LA ROBO HII KWA KAMATI ZA PAROKIA
Someni kwanza: Luka 14:28-30

Safari hii tunazungumzia kompyuta ya ofisi, hasa pale inapotumika kuhariri picha za miradi kwa ajili ya taarifa, kalenda na mabango ya sherehe. Bwana wetu alitoa mfano wa mjenzi aliyeanza kazi bila hesabu akaishia njiani. Kwenye vifaa vya ofisi tunaweza kukosea kwa njia mbili: kuanza bila hesabu, au kununua kikubwa kuliko tunachohitaji.

Parokia moja tuliyoitembelea ilikuwa imeandaa barua ya kuomba kompyuta mpya. Katibu alieleza kwamba akifungua picha kumi za kisima, mashine inaganda, naye anakwenda kunywa chai akisubiri. Taarifa ya mradi ilikuwa imechelewa. Kabla barua haijatumwa, tuliomba tukae na mashine hiyo asubuhi moja. Tuliyojifunza pale ndiyo somo la leo.

1. Kwa nini picha huilemea kompyuta

Kamera nyingi za leo hupiga picha ya pikseli milioni 24, yaani 6,000 kwa 4,000. Ikiwa ndani ya memori kadi, picha hiyo imebanwa na mara nyingi haifiki megabaiti (MB) 15. Ikifunguliwa ili ihaririwe, hukunjuka. Kila pikseli huhitaji walau baiti tatu, moja kwa kila rangi ya msingi, hivyo picha moja huchukua MB 72 hivi. Ukiongeza tabaka la maandishi au la marekebisho, mzigo unaongezeka. Programu nayo hutunza hatua ulizopita ili uweze kurudi nyuma ukikosea. Picha ishirini zikifunguliwa pamoja zinakaribia gigabaiti (GB) moja na nusu, kabla hujazigusa.

2. Mpishi, meza na stoo

Fikirini jiko la sherehe ya parokia. Kuna mpishi, kuna meza ya kukatia, na kuna stoo ya vyakula. Ndani ya kompyuta mpishi ni prosesa, meza ni kumbukumbu ya kazi ambayo mafundi huiita RAM, na stoo ni diski. Meza ikiwa ndogo, mpishi hodari hukaa bure, kwa kuwa kila mara vitu vinarudishwa stoo ili kupata nafasi. Kompyuta hufanya hivyo hivyo: RAM ikijaa, huanza kutumia diski kama meza ya akiba. Diski ya zamani inayozunguka ina mkono unaotafuta data huku na huko, na kila safari hula muda. Hapo ndipo mashine inapoonekana imekufa, kumbe inahangaika stoo.

3. Pimeni kabla ya kuandika barua

Kipimo hiki hakina gharama. Kwenye kompyuta ya Windows, fungueni picha kama mnavyofanya siku ya kazi, kisha bonyezeni vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha linaloonyesha kwa asilimia jinsi prosesa, kumbukumbu na diski zinavyotumika. Endeleeni kufanya kazi kwa dakika kumi mkiangalia ni ipi inayojaa.

Katika parokia ile, prosesa ilikuwa inatumika chini ya nusu. Kumbukumbu, iliyokuwa GB 4 tu, ilikuwa imejaa. Diski ilikuwa asilimia 100 muda wote. Kwa maneno mengine mpishi alikuwa mzima. Meza na stoo ndizo zilizokuwa na shida.

4. Mpangilio wa kununua

Kwanza, diski ya nje ya kutunzia nakala. Wengi huiweka mwisho, na hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Fundi alipoikagua diski ya parokia ile, alikuta sehemu zake zimeanza kuharibika. Picha zote za miaka mitatu zilikuwa humo peke yake: uchimbaji wa kisima, ujenzi wa madarasa, Kipaimara. Ilikuwemo pia picha ya mzee aliyetoa eneo la kisima, ambaye ameshafariki, na familia yake haikuwa na picha nyingine ya siku ile. Kazi yote ilisimamishwa mpaka picha ziliponakiliwa. Zilipona karibu zote. Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, aliieneza kanuni rahisi ya 3-2-1: nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja ikae mahali pengine mbali na ofisi. Nyumba ya masista au ofisi ya jimbo inafaa.

Pili, RAM. Kwa kazi ya picha, GB 8 ni kiwango cha chini, na GB 16 inatosha ofisi nyingi za parokia. Angalieni aina yake, kwa maana DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani, na ya laptopu ni fupi kuliko ya kompyuta ya mezani. Baadhi ya laptopu RAM yake imechomelewa kwenye ubao mama na haiongezeki. Fundi athibitishe kabla hamjalipa.

Tatu, diski ya SSD. Hii haina kitu kinachozunguka. Diski ya kuzunguka husoma MB 100 hadi 150 hivi kwa sekunde. SSD ya kawaida ya SATA hufika MB 500 na zaidi, na kwa faili ndogo zilizotawanyika tofauti ni kubwa kuliko hapo. SSD ya GB 500 itabeba mfumo, programu na picha za mwaka huu. Diski ya zamani, kama bado ni nzima, inaweza kuwa ghala la picha za miaka iliyopita.

Nne, kinga ya umeme. Umeme ukikatika wakati faili linahifadhiwa, faili linaweza kuharibika. UPS ndogo huwapa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu.

Tano, kioo cha kompyuta. Chagueni cha aina ya IPS, maana rangi zake hazibadiliki sana ukikitazama kwa pembeni. Jaribio dukani ni rahisi: fungua picha ya mtu, itazame ukiwa umekaa, kisha simama. Uso ukibadilika rangi, kiacheni. Jambo jingine ni mwanga. Kioo kikiwashwa kwa mwanga mkali mno, nyuso zetu huonekana angavu kiooni, kisha kiwandani zinachapwa nyeusi hata mtu hatambuliki. Punguzeni mwanga mpaka kioo kilingane na ukurasa uliochapwa mkiushika pembeni yake.

Sita, na mwisho, prosesa na kadi ya grafiki. Kukata picha, kuongeza mwanga na kurekebisha rangi havihitaji kadi ya gharama kubwa. Kadi husaidia zaidi kwenye video na kwenye programu mpya zinazosafisha chembechembe za picha kwa akili bandia. Kama parokia haifanyi kazi hizo, fedha hiyo ina matumizi mengine.

Tukumbuke pia ukubwa wa kazi yenyewe. Picha ya inchi 6 kwa 4 ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi huhitaji pikseli 1,800 kwa 1,200 tu. Ukurasa mzima wa A4 huhitaji chini ya pikseli milioni 9. Na programu za bure kama GIMP na darktable zinatosha kwa taarifa na kalenda zetu.

5. Lini tuache kutengeneza ya zamani

Si kila mashine inafaa kuongezewa. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa prosesa za Intel inakubali, kwa sehemu kubwa, kuanzia kizazi cha 8, kilichotoka mwaka 2017, na inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0. Mashine ya parokia ile ilikuwa ya kizazi cha 8, hivyo ilistahili. Ingekuwa ya zamani zaidi, njia zingekuwa mbili: kuweka Linux, ambako GIMP na darktable zinafanya kazi vizuri, au kununua nyingine. Kununua RAM kwa mashine isiyo na mfumo wa kuitunza salama ni kushona kiraka kipya kwenye nguo iliyokwisha.

6. Neno kwa wahisani wetu

Tunawashukuru kwa kompyuta mnazotuletea. Tunaomba jambo moja: kabla ya kusafirisha mashine iliyotumika, tuambieni mwaka wake, kizazi cha prosesa na kiasi cha RAM. Kompyuta isiyoweza kupokea mfumo wa leo hutuachia mzigo wa kuihifadhi na kuitupa. Wakati mwingine SSD moja na diski moja ya nje ni msaada mkubwa kuliko kompyuta tano za zamani.

Parokia ile ilinunua diski ya nje, RAM ya kufikisha GB 16, SSD na UPS. Katibu anafungua picha kumi na kuendelea na kazi bila kusubiri. Barua ya kuomba kompyuta haikutumwa. Iliandikwa nyingine, fupi, ya kumwomba mhisani kibali cha kutumia fedha ya vifaa iliyobaki kununua vipuri vya pampu ya kisima. Alikubali.

Maswali ya kujadili kwenye kamati

1. Picha za miradi yetu ziko wapi leo? Diski hiyo ikifa usiku huu, tutabaki na nini?
2. Tumepima kompyuta yetu, au tumesikia tu kwamba ni nzito?
3. Nani ana jukumu la kunakili picha, na anafanya siku gani ya mwezi?
4. Tumepata profoma tatu kabla ya kununua, na fundi amethibitisha aina ya kifaa?
5. Je, mfadhili wetu anajua kwa nini tumechagua kutengeneza au kununua kipya?

Majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao, ili kamati ijayo isianze upya. Mungu awabariki katika utunzaji wa mali mlizokabidhiwa.