Kwa nini mmoja anaugua kifua kikuu na mwenzake haugui?



Hapa kwetu Ibighi kuna baridi na mvua nyingi. Usiku tunafunga mlango na madirisha, tunalala pamoja. Kama mmoja wetu ana kifua kikuu na anakohoa, wote tunavuta hewa ile ile. Lakini mara nyingi utaona mmoja anaugua na ndugu yake ni mzima. Wengine husema mgonjwa amerogwa. Wengine husema ni ugonjwa wa ukoo. Leo tujifunze sababu yenyewe.

Ugonjwa unaletwa na nini?

Kifua kikuu huletwa na vijidudu vidogo sana, visivyoonekana kwa macho. Daktari Mjerumani, Robert Koch, alivitambulisha mwaka 1882. Mgonjwa wa mapafu akikohoa, vijidudu hutoka na kuelea hewani. Sisi tunavivuta. Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kusalimiana kwa mkono, wala kwa kutumia sahani moja.

Mwili unajilinda vipi?

Damu yetu ina chembechembe nyeupe. Hizi ndizo walinzi wa mwili. Kijidudu kikifika ndani ya pafu, walinzi hukimeza. Mara nyingine hukiua. Lakini kijidudu hiki ni kigumu. Kinaweza kuishi na kuzaana ndani ya mlinzi aliyekimeza. Ndipo walinzi wengine huitwa kusaidia. Baada ya wiki kadhaa huja wengi, huvizunguka vijidudu na kuvifungia mahali pamoja.

Unajua jinsi tunavyofukia kaa la moto kwenye jivu usiku. Moto hauonekani, wala hauunguzi nyumba. Lakini haujazimika. Asubuhi ukifukua na kupuliza, unawaka. Vijidudu vilivyofungiwa ni kama kaa hilo. Mwenye navyo haumwi, wala hamwambukizi mtu. Anaweza kuishi hivyo hadi uzee wake.

Katika watu 100 walioingiwa na vijidudu, kwa kawaida 5 hadi 10 tu ndio watakaougua maishani mwao. Wengi wao huugua katika miaka 2 ya kwanza.

Nani yuko hatarini zaidi?

Walinzi wakidhoofika, kaa huwaka. Walio hatarini ni watoto wa chini ya miaka 5, watu wenye virusi vya UKIMWI, wagonjwa wa kisukari, wazee, wasiopata chakula cha kutosha, walevi na wavuta sigara. Kwa hiyo mmoja huugua na mwenzake hubaki mzima. Si uchawi.

Tufanye nini?

1. Kama nyumbani kwako kuna mgonjwa wa kifua kikuu, nendeni wote mkapimwe, hata mnaojiona wazima. Watangulizeni watoto. Asiyeugua anaweza kupewa dawa ya kuzuia, ili kaa lizimwe kabla halijawaka.

2. Ukikohoa wiki 2 au zaidi, nenda zahanati. Usingoje kukonda, kutoka jasho usiku, au kukohoa damu. Dawa hutolewa bure. Kwa kawaida mgonjwa huzitumia miezi 6. Asiziache anapopata nafuu, maana vijidudu vilivyobaki huweza kuwa sugu.

3. Mchana fungua madirisha. Hewa ipite na jua liingie. Mgonjwa azibe mdomo anapokohoa.

4. Mtoto mchanga apate chanjo ya BCG. Chanjo hii huwafundisha walinzi wake kumtambua adui mapema. Humkinga hasa na kifua kikuu kikali, kama kile cha ubongo.

5. Wape walinzi wako nguvu. Kula ndizi pamoja na maharage, mboga za majani na maziwa yaliyochemshwa.

Ndugu, usimtenge mgonjwa. Akitumia dawa vizuri, baada ya wiki chache hatari ya kuambukiza wengine hupungua sana. Anayetengwa huficha kikohozi chake, na anayeficha huambukiza wengi.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Mtu mwenye vijidudu vilivyofungiwa anaambukiza wengine?
2. Kwa nini aliye mzima aende kupimwa?
3. Katika nyumba yako, nani anahitaji kulindwa zaidi? Utaanza kufanya nini wiki hii?