Parseli hii ni ya kazi gani? Tusome karatasi mbele ya kujenga



Kooperative moja ya mpunga katika bonde la Ruzizi iliniita kuangalia mashini yao mpya ya kukoboa. Walichanga franga misimu miwili. Nyumba ilijengwa kwa matofali ya kuchoma, simenti imemwagwa vizuri. Lakini nilikuta mlango umefungwa kwa kufuli na karatasi ya ofisi imebandikwa juu yake. Majirani walilalamikia kelele na vumbi la pumba, ofisi ikafika, ikauliza jambo moja tu: hii parseli ni ya kazi gani? Katika mkataba iliandikwa «usage résidentiel», maana yake ni ya makao ya watu.

Prezida wao akaniambia: «Agronome, siye tuliuza parseli kwa franga yetu, hatukuuza maneno.» Kumbe maneno nayo waliyauza, pamoja na parseli.

Sheria ya udongo ya Kongo ni ile ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980. Inasema udongo wote ni mali ya Leta. Sisi tunapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inapewa kwa kazi fulani. Hapo kuna maswali mawili ambayo watu wengi wanayachanganya.

La kwanza: udongo uko wapi? Ukiwa ndani ya mipaka ya mji uliotangazwa na Leta, ni udongo wa mji. Mwingine wote ni udongo wa vijijini. La pili: ni wa kazi gani? Sheria inataja kazi nne: makao, kiwanda, kilimo, ufugaji wa nyama. Na hapa ndipo natamani kila memba asikie vizuri: hizo kazi nne ziko mjini na ziko kijijini pia. Jibu la swali la kwanza halijibu la pili.

Tuchukue mfano wa Uvira. Kwa dekreti ya Juni 2013, Uvira ilipewa cheo cha mji, pamoja na Baraka na Kamituga. Tangu hapo nimesikia mara nyingi mtu akimwambia mkulima: «Shamba yako sasa iko mu mji, uiuze haraka, huku ni pa manyumba tu.» Si kweli. Shamba linaweza kuwa ndani ya mji na kubaki la kilimo. Kinacholigeuza kuwa parseli ya nyumba ni uamuzi wa wakubwa wa udongo ulioandikwa, si maneno ya komisioneri anayetafuta asilimia yake. Akikuambia hivyo, mwombe akuonyeshe karatasi.

Sasa turudi kwa nyumba zetu za kooperative. Kibanda cha majembe, uwanja wa kuanikia, depo ya mavuno yenu wenyewe: hivyo vinafuata shamba, na kwa kawaida havina matatizo kwenye udongo wa kilimo. Mashini inayokoboa mpunga wa kila mtu anayekuja na franga yake ni jambo lingine, inaelekea upande wa kiwanda. Katikati kuna mambo ambayo hata wenye ofisi hawakubaliani. Mimi nashauri msibishane kwa mdomo. Andikeni barua kwa konservatere wa vyeo vya udongo mbele ya kununua simenti, mweke kopi yenye muhuri wa kupokelewa. Mjini mtahitaji pia ruhusa ya kujenga kutoka urbanisme. Hiyo ruhusa ni karatasi nyingine, haigeuzi kazi ya udongo.

Wengi wenu mtasema: «Siye hatuna mkataba, tulipewa na shefu, tukatoa mbuzi.» Najua. Sheria ya 1973 inataja udongo unaokaliwa na kulimwa kwa desturi, lakini mbuzi haandiki mipaka. Hatari inakuja siku mtu mwingine anapouomba Leta udongo huohuo, pengine kwa ajili ya ng'ombe wake. Mbele ya kupewa udongo wa kijijini, lazima ifanyike ankete: kuonyesha mipaka, kuandika watu wanaokaa pale na vitu vilivyopo, kusikiliza kila mwenye dai. Dai linaweza kutolewa kwa mdomo, hata asiyejua kuandika anasikilizwa. Siku hiyo msiende shambani mkaacha mzee mmoja peke yake. Nendeni wote, mwonyeshe mifereji, migomba, makaburi. Sertifika ikishatolewa na kumaliza miaka miwili, ni vigumu sana kuivunja mbele ya tribinali.

Katika mkutano ujao, sekretere alete karatasi zote za kooperative, memba mmoja asome kwa sauti mstari wa «usage», na mwingine aeleze kwa Kiswahili. Inachukua saa moja.

Na wale wa mashini? Waliandika kuomba kubadilisha kazi ya parseli, jibu bado. Wamekodi mahali pengine nje ya makao ya watu, mashini imehamishwa na inakoboa. Katika ile nyumba ya matofali analala mlinzi na bibi yake. Hilo karatasi inakubali.