SOMO KWA WAPIGA BESI: SAUTI YA CHINI INAYOBEBA WIMBO

Masomo ya kusoma mbele ya kuanza: 1 Mambo ya Nyakati 15:16-24, 2 Wafalme 3:11-16, 1 Wakorintho 14:7-9.



Katika korali zetu vijana wanapigania gita ya solo. Anayekosa solo anapewa akompa, na anayekosa yote mawili anapewa besi, kama mutoto anayepewa mufupa wakati nyama imekwisha. Halafu yule wa besi, kwa sababu hakuipenda, anaipiga kwa nguvu yote ili naye asikiwe. Somo hili ni kwa ajili yake, na kwa viongozi wa korali wanaomuweka pale bila kumufundisha.

Fungueni 1 Mambo ya Nyakati 15. Mufalme Daudi anapandisha Sanduku la Agano, na Walawi wanagawanyiwa vyombo kila mutu na chake. Katika mustari wa 20 kuna wenye vinanda vya sauti inayoitwa Alamothi. Katika mustari wa 21 kuna watu sita wenye vinubi vya Sheminithi: Matithia, Elifelehu, Mikneya, Obedi-Edomu, Yeieli na Azazia. Wafafanuzi wengi wa Maandiko wanaona kwamba Alamothi ni sauti ya juu, kama ya wasichana, na Sheminithi, neno linalotoka katika hesabu ya nane, ni sauti ya chini, kama ya wanaume. Basi tangu wakati wa Daudi kulikuwa na watu waliochaguliwa kwa majina yao kwa kazi ya sauti ya chini. Hawakuwa mabaki ya wengine. Tena katika mustari wa 24 jina Obedi-Edomu linatajwa kati ya walinzi wa mulango wa Sanduku. Mimi ninapenda sana jambo hilo. Mupiga besi anayefika wa kwanza, anayefungua mulango na kufagia mbele ya kuunga kamba zake, huyo amesoma mustari huo vizuri.

Sasa 2 Wafalme 3. Wafalme watatu wako jangwani bila maji. Wanamwendea Elisha, naye mbele ya kutoa neno la Bwana anaomba aletewe mupiga kinanda. Ni wakati yule anapopiga ndipo mukono wa Bwana unakuja juu ya nabii. Jina la mupigaji halikuandikwa. Sisi wa kanisa ambamo nyimbo zinaletwa kwa ufunuo, na maneno ya unabii yanatoka katikati ya ibada, tunapaswa kuliangalia jambo hili kwa makini. Yule mutu alipiga kwa namna ambayo nabii aliweza kusikia. Kama angalifunika masikio ya Elisha kwa makelele, wafalme wale wangalirudi na kiu.

Musifikiri kwamba besi ni kitu cha wazungu kilichokuja na umeme. Ni kweli gita besi ya umeme ya Leo Fender ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1951. Lakini wazee wetu wa Katanga walikuwa na besi ndani ya kidole gumba. Mwenda Jean Bosco, aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930, na ambaye Hugh Tracey alimukamata sauti huko Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, mwaka 1952, alikuwa akipiga gita kavu kwa vidole viwili: gumba kilitembea chini, shahada iliimba juu. Upande wa Luapula vijana walijitengenezea kalindula, chombo cha sauti nzito. Na hapa kwetu Kamina, ndugu zetu Wakatoliki, watoto wa masomo na walimu wao chini ya Padri Guido Haazen, waliimba Missa Luba, na mwaka 1958 wakaipeleka hata Ubeleji kwenye maonyesho makubwa ya Brussels. Hapakuwa na gita besi hata moja. Sauti ya chini ilitoka katika vifua vya wanaume na katika ngoma. Ukitaka kujua kazi ya besi ni nini, sikiliza wimbo ule, kisha jiulize ungaliweka kamba zako wapi. Mara nyingi jibu litakuwa: mahali pachache.

Tuje kwa chombo chenyewe. Wengi wetu tunanunua gita iliyotumika. Usinunue kwa rangi. Funga jicho moja, tazama shingo toka kichwani hata mwilini kama fundi anavyotazama ubao: ikipinda kama upinde, iache. Bonyeza kila kamba katika kila chuma kidogo cha shingo, kimoja kimoja, usikie kama kuna mahali inapolia vibaya au kunyamaza. Geuza vifungo vya sauti. Vikikwaruza kidogo ni vumbi, vikikata sauti kabisa ni kazi ya fundi wa radio. Kamba nne zinatosha. Anayetaka tano au sita, kwanza atuonyeshe kazi ya zile nne.

Kamba mupya ni bei kali na si kila siku zinafika hapa. Kamba zikifa sauti kwa jasho na uchafu, zitoe, uzichemshe katika maji safi kwa dakika kumi, uzikaushe kabisa kwa kitambaa na jua, uzirudishe. Zitalia vizuri tena kwa muda. Wanamuziki wa Orchestre Symphonique Kimbanguiste ya Kinshasa, iliyoanza mwaka 1994, walipokosa kamba walitumia waya za frein ya kinga, na mumoja wao alijifunza kutengeneza kontrabasi kwa mikono yake. Ninawaheshimu sana. Lakini waya ya kinga usiiweke juu ya gita besi ya umeme: itakula vyuma vya shingo kama tupa.

Kwa mazoezi hauhitaji ampli. Simamisha pembe ya gita juu ya meza ya mbao au juu ya mulango, ukaribishe sikio, upige. Mbao itakuimbia. Nimejifunza nyimbo nyingi kwa mulango wa jikoni, na mama wa nyumba hakulalamika.

Ampli ndiyo inayoleta vita. Kamba ya mi, ile nene, inatikisika mara 41 hivi kwa sekunde. Ya la mara 55, ya re mara 73, ya sol mara 98. Bafle ndogo ya gita solo haikutengenezwa kwa mutikisiko wa polepole namna ile. Ukiunga besi ndani yake na kufungua sana, karatasi yake inapasuka, na korali nzima inabaki bila sauti. Kama kuna bafle moja tu, punguza sauti nzito kwa kifungo chake, na upige kwa vidole laini. Ukiweka bafle chini kwenye pembe ya ukuta, besi inaongezeka yenyewe bila kufungua zaidi. Nyumba zetu nyingi za sala zina mabati: mabati yakianza kuimba pamoja nawe, umepita kipimo. Mwambie ndugu mumoja akae nyuma kabisa na wamama, naye akuonyeshe kwa mukono. Wewe uliye karibu na bafle hauwezi kujihukumu.

Grupu iwashwe kwanza, itulie, ndipo ampli iungwe. Na mbele ya kuzima grupu, ampli izimwe. Mafuta yakikaribia kwisha, musingoje ikohoe. Kupanda na kushuka kwa umeme kunaunguza mashini.

Hapa ninaomba kila mutu asome polepole. Kanisani kwetu tunavua viatu. Ni heshima mbele ya Mungu na hatutaiacha. Lakini mupiga gita ya umeme aliye miguu mitupu juu ya sementi yenye maji anasimama mahali pa hatari. Kamba zake zimeunganishwa na chuma cha ampli. Kama prize haina waya wa udongo, au mutu amekata jino la tatu la fishi ili liingie, umeme unaweza kukaa juu ya kamba bila wewe kuona kitu. Unaweka mikono juu ya kamba, unakaribisha mudomo kwenye mikro ya chuma iliyoungwa mahali pengine, na umeme unapita katika kifua chako. Kwa hiyo: mashini zote ziungwe mahali pamoja, grupu ipigiwe chuma cha udongo na fundi, na kila mupiga gita asimame juu ya ubao mukavu au mupira mukavu. Ubao hauondoi heshima ya miguu mitupu. Ukisikia kama sisimizi wanatembea katika vidole, acha kupiga hata kama ni katikati ya wimbo. Na mutu akishikwa na umeme, musimukamate kwa mikono. Zimeni grupu, au musukumeni kwa muti mukavu. Ninajua ndugu wanaoita ule musisimuko upako. Hapana, ndugu. Mungu ana njia zake, na waya iliyochubuka si mojawapo.

Kuhusu kupiga kwenyewe sitasema mengi, kwa sababu besi hufundishwa kwa sikio na si kwa karatasi. Sikiliza muguu wa ngoma kubwa. Noti yako na muguu ule viwe mutu mumoja. Piga noti ya musingi ya akorde, uiache ipumue, usikimbie kuijaza nafasi. Wimbo ukipanda, wewe kaa. Mutumishi akianza kusema neno, weka kiganja juu ya kamba zote mara moja. Usimalizie kipande chako kizuri. Katika 1 Wakorintho 14 Mutume Paulo anazungumzia vyombo visivyotofautisha sauti zake, ambavyo hakuna anayejua vinapiga nini. Besi iliyo kubwa mno ni ya namna hiyo, kwa maana inageuza maneno yote kuwa mungurumo.

Ninyi munaoitwa kupiga mahali pengine, harusini au kwenye kilio: mupatane mbele, si nyuma. Nani analeta mafuta, nani anarudisha watu usiku, bafle ikipasuka nani analipa. Muandike katika daftari ya korali. Gita ya kanisa si ya kukodisha kwa baa ya jirani siku ya posho na kuirudisha siku ya Mungu inanuka moshi. Mukisafiri kwa treni, legezeni kamba kidogo, fungeni gita katika blanketi, mushike mukononi. Mizigo ya mahindi haina huruma. Na katika baridi ya mwezi wa sita na wa saba, gita iliyotoka nje asubuhi ipumuzike ndani ya nyumba nusu saa mbele ya kulinganisha kamba, ama utazilinganisha mara mbili.

Jambo la mwisho ni kukamata sauti, na hapa ninajishitaki mwenyewe. Mama muzee wa korali yetu aliletewa wimbo usiku, kwa Kiluba, beti tatu. Aliuimba mara moja tu katika sala ya asubuhi, na sisi tukamufuata polepole na vyombo. Nilikuwa kwenye besi. Nilitaka kukamata wimbo kwa telefone, nami nikaiweka juu ya bafle yangu, kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi. Beti mbili za kwanza nilipiga kwa upole. Ya tatu moyo ulinipanda. Tulipokaa kuandika maneno, wiki nyingi zilikuwa zimepita na mama alikuwa amelala katika Bwana. Beti ya tatu ni ngurumo tu. Tunasikia sauti yake ikipanda nyuma, hatusikii neno.

Tangu siku ile tunafanya hivi. Telefone inakaa mbali na bafle zote, mbele ya mwimbaji, hatua mbili au tatu, juu ya kiti chenye kitambaa ili isitikisike. Inafungwa isipokee simu. Tunajaribu dakika moja, kisha tunasikiliza kwa vijisikio, si kwa kinywa cha telefone yenyewe, kwa sababu kile kidogo hakiwezi kutoa sauti ya besi. Unafikiri besi haiko, unaiongeza, na unaharibu yote. Wimbo mupya wa ufunuo unakamatwa kwanza kwa sauti tupu, bila chombo, na mwandishi anaandika maneno siku ileile mbele ya mwenye wimbo. Nakala inaingia katika kadi ya mutu wa pili mbele ya watu kutawanyika. Vyombo vinangoja mara ya pili.

Ndugu na dada muliokuwa katika sala ile, zaidi sana wamama mulioketi viti vya mbele karibu naye: kama mumoja wenu anashika hata mustari mumoja wa beti ya tatu, hata maneno mawili, aje siku ya posho saa ya mazoezi. Mwandishi atakuwapo na daftari. Nitakuwapo pia, bila gita.