Mbwa wa Nchi ya Baridi na Hatari ya Joto

Mji wa Eldoret umejengwa mahali palipoinuka karibu futi 7,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi nyingi wakazi wake hutoka nyumbani wamevaa makoti. Kwa sababu hiyo watu wengi wa Uasin Gishu wafugao mbwa hudhani kwamba joto ni taabu ya mbwa wa Mombasa na Kisumu, wala si ya mbwa wao. Dhana hiyo si sahihi. Mbwa wa nchi ya baridi ndiye apaswaye kuangaliwa zaidi, maana mwili wake haukuzoea joto, na safari fupi ya kushuka bondeni yatosha kumfikisha mahali penye joto kali. Yafaa basi kila mwenye mbwa wa kulinda nyumba, wa kuchunga mifugo au wa kukimbia naye ajue jinsi joto linavyomdhuru mnyama huyu, na namna ya kumwokoa.

JINSI MBWA ANAVYOJIPOZA

Binadamu apatapo joto hutoka jasho mwili mzima, na jasho hilo likikauka huchukua joto la mwili. Ndiyo maana mwanariadha wa Iten aweza kukimbia mwendo mrefu hata jua likiwaka. Mbwa hakujaliwa hivyo. Yeye hutoka jasho kidogo tu katika nyayo zake. Njia yake kubwa ya kujipoza ni kutweta: hufungua kinywa, hutoa ulimi nje, huvuta na kutoa pumzi upesi upesi, ili umajimaji ulio ulimini, kinywani na puani ugeuke mvuke na kuondoka na joto.

Lakini njia hiyo hutegemea ukavu wa hewa. Kila afuaye nguo analijua jambo hili. Nguo zilizoanikwa Eldoret mwezi wa Januari, hewa ikiwa kavu na upepo ukivuma, hukauka upesi. Zikianikwa Mombasa wakati hewa imejaa mvuke wa bahari, hukawia kukauka ingawa joto la huko ni kubwa zaidi. Ulimi wa mbwa ni kama nguo ile. Hewa ikiwa nzito kwa unyevu, mbwa hutweta sana lakini hapoi, na kule kutweta kwenyewe ni kazi imwongezeayo joto. Hali kama hiyo yaweza kutokea Eldoret pia, jua kali linapochomoza baada ya mvua na ardhi yote ikatoa mvuke.

Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni kati ya digrii 38 na 39. Likipita digrii 41, ubongo, figo, ini na matumbo huanza kuharibika, na mnyama aweza kufa.

KAZI HUZIDI JUA KWA HATARI

Wengi hudhani kwamba mbwa hudhurika kwa kukaa juani tu. Mwaka 2020 wataalamu wa Uingereza walitangaza matokeo ya uchunguzi wa kumbukumbu za matabibu wa wanyama wa nchi hiyo, za tangu mwaka 2016 hadi 2018. Waliona kwamba katika kila mbwa wanne waliougua kwa joto, karibu watatu waliugua kwa sababu ya kukimbia, kutembea au kucheza. Na Uingereza si nchi ya joto. Mbwa afanyaye kazi hutengeneza joto ndani ya mwili wake mwenyewe. Zaidi ya hayo, kwa kumpenda bwana wake, mbwa hasemi kwamba amechoka; humfuata mpaka miguu imshinde. Hapana budi bwana wake ndiye aamue wakati wa kupumzika.

Watu wakimbiao na mbwa wao na wafanye hivyo alfajiri, kama wafanyavyo wanariadha wengi wa Eldoret na Iten, au jioni jua likiisha kupungua. Mbwa wenye pua fupi, wanene, wazee na wenye manyoya mazito wapewe kazi ndogo zaidi, maana hao hushindwa upesi kuliko wengine.

SAFARI ZA KUSHUKA

Barabara itokayo Eldoret hupita Iten, palipo karibu na futi 8,000, kisha hushuka ukingo wa Elgeyo kupitia Tambach mpaka Bonde la Kerio, penye kama futi 4,000. Mbwa aliyeamka katika baridi ya Eldoret aweza kuwa bondeni kabla ya adhuhuri, akaanza kuwafukuza mbuzi kama alivyozoea nyumbani. Hapo ndipo ajali hutokea. Mwili wa mbwa huhitaji majuma kadhaa ili uzoee joto jipya. Siku za kwanza apewe kivuli, maji na kazi kidogo. Ni vivyo hivyo kwa mbwa apelekwaye Kisumu au pwani, ambako unyevu wa hewa huzidisha taabu.

Njiani mbwa asitiwe katika gunia wala nyuma ya gari pasipo hewa. Tena asifungwe mdomo kwa kamba, kwa kuwa mbwa aliyefungwa mdomo hawezi kutweta. Wala asiachwe katika gari lililofungwa, hata Eldoret kwenyewe. Siku yenye digrii 22, ambayo watu huiita siku ya baridi, ndani ya gari lililoegeshwa juani joto laweza kupita digrii 40 kabla ya saa moja kwisha. Kufungua dirisha kidogo hakusaidii sana.

Jambo hilo lihusu vibanda pia. Mbwa wengi wa ulinzi hufungiwa mchana kutwa katika vibanda vidogo vya mabati. Jua la nchi za juu ni kali, na bati hupata moto upesi. Kibanda kiwe chini ya mti au kiezekwe nyasi juu ya bati, kiwe na nafasi za kupitisha upepo, na chombo cha maji kisichopinduka kiwekwe kivulini. Mbwa wa kilo 20 huhitaji kama lita moja ya maji kwa siku, na zaidi ya hapo kukiwa na joto au kazi.

DALILI

Dalili za kwanza ni kutweta kusikokoma hata baada ya kupumzika, mate mazito na ufizi mwekundu sana. Baadaye mbwa hupepesuka, hutapika, huharisha, huanguka na hata kushikwa na kifafa. Watu wengine wakiona mate na kupepesuka husema mara moja kwamba ni kichaa cha mbwa, wakamwua. Mbwa ajulikanaye, aliyechanjwa, aliyekuwa mzima asubuhi kisha akaanguka baada ya kukimbia, yaelekea ameshikwa na joto. Lakini mbwa asiyejulikana, au aliyebadilika tabia kwa siku kadhaa, asiguswe, bali habari zipelekwe upesi kwa mganga wa wanyama. Chanjo ya kichaa cha mbwa ya kila mwaka huondoa shaka nyingi za namna hii.

MSAADA WA KWANZA

Kanuni ni moja: mpoze kwanza, kisha mpeleke kwa mganga. Wengi humpakia mbwa garini angali na moto, naye hufa njiani.

1. Msimamishe kazi, umpeleke kivulini penye upepo.

2. Mmwagie maji mengi mwili mzima, hasa tumboni na mapajani, ukilinda pua na kinywa. Maji yoyote yaliyo baridi kuliko mwili wake yafaa. Usipoteze muda kutafuta mengine.

3. Mpepee huku ukiendelea kummwagia. Usimfunike kwa gunia au taulo lenye maji, maana huzuia joto lisitoke.

4. Akiwa na fahamu, mpe maji ya kunywa kidogo kidogo. Aliyezimia asinyweshwe.

5. Asitupwe mtoni. Mbwa aliyelegea huzama, na Mto Kerio una mamba.

6. Akianza kutweta polepole, acha kummwagia maji, umpeleke kwa mganga wa wanyama madirisha ya gari yakiwa wazi.

Hata mbwa asimamaye na kutikisa mkia baada ya kupozwa yafaa aonwe na mganga, kwa kuwa figo na damu zaweza kuharibika kwa siri, akafa siku ya pili au ya tatu. Mbwa hulinda nyumba na mifugo usiku kucha wenyewe wakiwa wamelala. Mchana wa joto, ulinzi wake u mikononi mwa bwana wake.