Kiazi kitamu hakiombi sukari, mdogo wangu

Mdogo wangu uliyeniandikia kwamba mumeo akikuta viazi vitamu mezani usiku huuliza "na chakula kiko wapi?", barua yako imenichekesha, maana hauko peke yako. Wengine wananiletea kesi hiyo hiyo kwa maneno mengine: watoto wamevichoka, mama mkwe anasema hivyo ni vya chai. Nikiwauliza wamevipikaje, wananiambia wamechemsha kwa chumvi kidogo, wakafunika kwenye hotipoti. Siku ya kujitahidi sana ndiyo wanaweka tui, iliki na vijiko vinne vya sukari.

Hapo kwenye sukari ndipo tutakapogombana leo.

Kiazi kitamu kinakuja na utamu wake kutoka shambani, na kikipata moto wa polepole kinauongeza chenyewe, kwa sababu sehemu ya wanga wake hugeuka sukari kinapoiva. Ukimimina nyingine juu yake umepata kitafunio. Mumeo basi hajakosea kuuliza, ingawa angeweza kuuliza kwa adabu zaidi. Kilichokosekana sufuriani ni chumvi ya kutosha, uchachu, ukali na mafuta. Kipe ndimu au ukwaju, tangawizi, pilipili na kitunguu kilichokaangwa kikakolea, uone kama kuna mtu atakayeulizia wali.

Wala usikubali kuambiwa kwamba viazi vitamu si mlo. Burundi na Rwanda, viazi vitamu na maharage ni chakula kamili cha mtu aliyeshinda shambani na jembe. Uganda wanavila na mchuzi wa karanga, mtu akashiba akalala. Wasukuma wanavikata na kuvianika vikawa michembe, au wanavichemsha kwanza ndipo wavianike vikawa matobolwa, ili kiangazi kisiwakute ghala tupu. Ni sisi wa mjini tuliovishusha cheo vikawa vya kusindikizia chai.

Sasa twende sokoni. Muulize muuzaji swali moja tu: vina unga au vina maji? Anajua, na ukiwa mteja wake atakwambia ukweli. Vyenye unga ndivyo vya mchuzi na futari, kwa sababu vinanywa viungo na kufanya rojo liwe zito. Vya maji vinayeyuka ukigeuka tu kumjibu mtoto. Hivyo viache kwa kuponda. Chagua vya ukubwa wa wastani ili viive pamoja. Chenye vitundu vya fukusi na weusi ndani kitupe chote, usijidanganye kukata upande mbovu. Uchungu wake unasambaa, hakuna kiungo kinachouficha, na si kizuri kwa mwili. Ukifika nyumbani usiviweke kwenye friji. Baridi inakifanya kiini kiwe kigumu, utachemsha mpaka gesi iishe. Viweke kwenye kapu, mahali pakavu penye hewa.

Ukikutana na viazi lishe, vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa, nunua. Rangi ile mwili unaigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho na kinga ya mtoto. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilikwenda kwa watafiti waliovihangaikia viazi hivyo Afrika, akiwemo Robert Mwanga wa Uganda, kwa hiyo usidhani ni mtindo wa wauza juisi. Jambo moja tu ukumbuke: vitamini hiyo inahitaji mafuta ili mwili uichukue. Anayemchemshia mtoto kiazi lishe kikavu anampunja. Tui, karanga au kijiko cha mafuta kinatosha. Hata mtoto aliyefikisha miezi sita na kuanza kula, mpondee kiwe laini, weka mafuta kidogo, na pilipili subiri akue.

Haya, jiko. Hiki ninachokupa ni mchuzi wa viazi vitamu na kunde, watu sita wanakula. Tafuta viazi kilo moja na nusu, kunde kikombe kimoja na nusu zilizokwisha kuchemshwa zikaiva, nazi moja kubwa, vitunguu maji viwili, nyanya tatu, punje nne au tano za kitunguu saumu, na tangawizi ya kidole gumba. Kwa viungo: bizari nyembamba kijiko cha chai, giligilani zilizosagwa kijiko cha chai, manjano nusu kijiko. Pilipili mbuzi moja, ndimu moja.

Kuna nazi, tenganisha tui zito na tui jepesi. Menya viazi, kata vipande vinene kiasi cha kuchukua tonge mbili, vitumbukize kwenye maji visije vikawa vyeusi. Bandika mafuta, yakishapata moto tupa bizari nyembamba nzima, isikie ikitatarika, harufu ikipanda tu weka vitunguu. Hapa ndipo wengi mnaharibu. Kitunguu kikiwa kimelegea tu mnaona kimeiva, mnamwaga nyanya. Subiri. Kitunguu kinataka kuwa rangi ya kahawia, na ukikipa dakika kumi hujapoteza muda, kwa sababu ladha ya nyama ambayo hukununua inatoka hapo. Ndipo ufuate saumu na tangawizi zilizopondwa, kisha giligilani na manjano, koroga kidogo visiungue, halafu nyanya na chumvi. Kaanga mpaka mafuta yajitenge pembeni.

Weka viazi, vigeuze vivae viungo, mimina tui jepesi lifikie usawa wa viazi bila kuvizamisha. Pilipili iweke nzima, isipasuke. Wanaotaka ukali wataiminya kwenye sahani zao, na watoto watakula bila kulia. Funika, moto wa kati, robo saa hivi. Kisu kikipita kwa urahisi ongeza kunde na tui zito, punguza moto, acha wazi, usikoroge kwa fujo. Tikisa sufuria tu. Rojo likishikana, epua ndipo ukamue ndimu. Ndimu isitangulie, kwa sababu uchachu ukiingia mapema kiazi kinakaza na hakilainiki upesi. Mwenye ukwaju au embe bichi atumie, kanuni ni hiyo hiyo.

Utaona sijataja mdalasini wala karafuu. Si kwamba sivipendi. Viungo hivyo vinavuta upande wa utamu, na kiazi tayari kiko huko, kwa hiyo ukimwaga masala ya pilau kijiko kizima unarudi kwenye kitafunio tulichokikimbia. Kipande kidogo cha mdalasini kwenye tui, basi. Na manjano usiyapende kupita kiasi kwa sababu ya rangi. Yakizidi yanaacha uchungu.

Pembeni weka matembele. Kiazi na majani yake kwenye sahani moja, yaliyokaangwa kwa kitunguu na nyanya, au yaungwe kwa tui lililobaki. Ukiwa na dagaa wa kukaanga, mumeo hatafungua mdomo ila kwa kula.

Siku usiyo na nazi wala muda, kata viazi vijiti, paka mafuta, chumvi, bizari nyembamba iliyosagwa, pilipili ya unga na saumu, oka kwenye jiko la umeme nyuzi 200 kwa nusu saa, uvigeuze katikati. Huna jiko la kuoka? Vichemshe nusu kuiva, vichuje vikauke kabisa, ndipo uvikaange na viungo kwenye kikaango kipana. Vikiwa na maji vitanyonya mafuta yote, utavila kama sponji. Kamulia ndimu, kula na mayai au mtindi.

Na futari je? Futari ya viazi vya tui na iliki siigusi, hiyo ina heshima yake, na mtu aliyefunga ana haki ya kitu kitamu. Hata hivyo jaribu Ramadhani ijayo kupunguza sukari kwa nusu na kuongeza chumvi kidogo. Utamu wa kiazi wenyewe utasikika zaidi.

Dada mwingine ameuliza kuhusu mama mkwe mwenye kisukari. Mpe, lakini vya kuchemsha, maana vya kuchoma na kuoka hupandisha sukari haraka zaidi. Kipande cha ukubwa wa ngumi yake kinatosha, akile na kunde na mboga nyingi, na afuate kiasi alichopewa kliniki.

Kiporo cha viazi usikitupe. Viazi vya jana viponde, changanya na kitunguu kibichi, giligilani za majani na pilipili manga, viringisha, chovya kwenye yai, kaanga katlesi za watoto za kubeba shuleni. Hazihitaji hata nyama.

Jumamosi hii pika ule mchuzi wa kunde, usitangaze ni chakula gani, pakua tu. Na ninyi wa Pemba, Kigoma, Mwanza na Mombasa mnaopika viazi vitamu kwa viungo ambavyo sijavitaja, niandikieni mnavyovipika kwenu. Nitavipika kwanza, ndipo niviweke hapa.