Kupima Shajara za Igizo Dhima Kuhusu Mgogoro wa Wakulima na Wafugaji

Igizo dhima ni mbinu ya kufundishia ambayo mwanafunzi hupewa nafasi ya mtu mwingine, akasema na kuamua kama mtu huyo angefanya. Katika maeneo yenye wakulima na wafugaji, mbinu hii hufaa sana kufundishia usuluhishi. Mmoja huwa mkulima ambaye mahindi yake yameliwa, mwingine mfugaji ambaye ng'ombe wake wamezuiliwa, na wengine saba huketi kama Baraza la Ardhi la Kijiji. Baada ya kila kipindi mwanafunzi huandika shajara kwa sauti ya mhusika wake. Igizo lenyewe hupita kwa saa moja. Kinachobaki na kusahihishwa ni daftari. Mzazi anayelikuta daftari hilo nyumbani, na kusoma mwanawe akiandika kwa jina la "mfugaji" ilhali ukoo mzima hulima, ana haki ya kuuliza alama zake hutolewa kwa msingi gani.

Wilayani Kilosa swali hilo lina uzito wake. Mwezi Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika mapigano ya wafugaji na wakulima. Wanafunzi wa sasa hawakuwa wamezaliwa, lakini wamekulia katika nyumba ambamo habari hiyo husimuliwa, na kila nyumba husimulia kwa namna yake. Ndiyo maana kijiji cha igizo kinapaswa kuwa cha kubuni, wahusika waitwe mkulima na mfugaji bila kutajwa kabila, na mauaji yaliyotokea kweli yasiigizwe darasani hata kidogo. Ikumbukwe pia kwamba wafugaji wa wilaya hii si kabila moja, na wapo wakulima wengi wenye ng'ombe wao.

Chukulia shajara mbili zilizoandikwa baada ya kikao kimoja. Ya kwanza inasema: "Tulikaa chini, tukaelewa kuwa sisi sote ni ndugu. Mfugaji aliomba radhi, nami nikamsamehe. Amani ikarudi kijijini." Ya pili inasema: "Sikukubali fidia waliyotaja, kwa sababu mahindi yale ndiyo ada ya mtoto. Lakini leo nimesikia kwamba lambo lao limekauka na kwamba njia ya kwenda mtoni inapita katikati ya mashamba mapya, likiwemo langu. Hilo sikuwa nalijua. Bado nina hasira."

Msahihishaji aliyechoka, mwenye daftari arobaini mezani, huvutwa na ile ya kwanza. Imeandikwa vizuri na inaisha vizuri. Hata hivyo, haionyeshi kwa nini ng'ombe waliingia shambani, wala nani atalipa, wala nini kitazuia jambo lile lisijirudie kiangazi kijacho. Msamaha umekuja kabla ya mgogoro kueleweka. Ya pili haina suluhu, na mwandishi wake anakiri hasira. Lakini amesikiliza, akapata jambo asilolijua, akaliandika ingawa linamhusu yeye mwenyewe. Yeye ndiye anayestahili alama nyingi zaidi.

Mwongozo wa usahihishaji ukiwa na alama 20, alama nane zinafaa kutolewa kwa uwezo wa kueleza hoja ya upande wa pili kiasi kwamba mtu wa upande huo akiisoma ataikubali kuwa ni yake. Hiki ndicho kigezo kikubwa na ndicho kigumu. Mwanafunzi anayeandika "wafugaji hawapendi sheria" hajaeleza hoja ya mtu, ametoa lawama. Anayeandika kwamba mfugaji asiyepata maji kwa siku mbili huanza kupoteza ndama ameeleza hoja, hata kama haikubali. Alama sita zaweza kwenda kwenye pendekezo la suluhu, nne kwenye mabadiliko yanayoonekana kati ya shajara ya kwanza na ya mwisho, na mbili tu kwenye lugha. Hizo mbili zisiongezwe. Watoto wengi huanza kujifunza Kiswahili wakiwa shuleni, na daftari hili si mtihani wa insha.

Pendekezo la suluhu hupimwa kwa kuangalia kama linaweza kutekelezeka kijijini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaliweka Baraza la Ardhi la Kijiji kuwa na wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Mwanafunzi anayeandika kwamba Baraza "lilimfunga mfugaji" au "lilitaifisha ng'ombe" anapaswa kupunguziwa alama, kwa kuwa amelipa Baraza mamlaka lisilo nayo. Anayependekeza afisa ugani akadirie hasara kabla ya fidia kutajwa, au njia ya mifugo ionyeshwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji na kuwekewa alama ardhini, yuko karibu na kazi ambayo vijiji huifanya kweli.

Kuna jambo la msahihishaji mwenyewe. Mwalimu naye ana kwao, na huenda ana shamba au mifugo. Ni vyema daftari ziandikwe namba badala ya majina, kisha zisomwe na walimu wawili, kila mmoja peke yake. Wakitofautiana kwa zaidi ya alama tatu, wakae pamoja na kila mmoja aonyeshe ni sentensi gani iliyomfanya atoe alama alizotoa. Mara nyingi tofauti hiyo hutoka kwenye sentensi moja iliyomgusa mmoja wao pabaya.

Wazazi huhofia zaidi kwamba mtoto anafundishwa kuukana upande wao. Kueleza hoja ya jirani si kuikubali, na hakuna alama inayotolewa kwa kubadili msimamo wala inayoondolewa kwa kubaki nao. Mwanafunzi aliyeingia akidai fidia kamili anaweza kutoka akidai fidia ileile na kupata alama zote, mradi anajua sasa anamdai nani na kwa nini mtu huyo anakataa. Mzazi anaweza kuomba kwa mwalimu wa somo auone mwongozo wa alama kabla igizo halijaanza. Kuuonyesha hakudhuru kitu, kwa sababu hauna majibu ya kukariri.

Shajara isisomwe kwa sauti darasani wala kwenye kikao cha wazazi, hata ikiwa nzuri kiasi gani. Lakini usiri huo una mpaka, na wanafunzi waambiwe siku ya kwanza: daftari likionyesha kwamba mtoto anatishwa, au kwamba kuna watu wanaopanga kudhuru wengine, mwalimu atamwarifu mkuu wa shule na afisa ustawi wa jamii. Maandishi ya namna hiyo hayapewi alama. Mengine yote, muhula ukiisha, hurudishwa kwa mwanafunzi mwenyewe, naye huamua kama atayapeleka nyumbani.